Pipi si pipí: kujitolea na watoto wa shule ukiwa masomoni Granada

Siku yangu ya kwanza darasani, mtoto wa miaka minne alinivuta suruali, akanitazama kama mtu mwenye shida kubwa, akasema, "Pipí." Mimi ni mtu wa Tanga na mfuko wa koti langu haukosi pipi za kifua. Nikampa moja. Akaishika, akarudia kwa sauti ya juu: "¡Pipí!" Nikampa ya pili. Kufumba na kufumbua viatu vyake vimelowa, mwalimu anakuja na mopu, na mimi nimejifunza mambo mawili kwa mpigo: pipí kwa Kihispania ni mkojo, na mgeni kumpa mtoto wa shule peremende ni kosa kubwa kuliko mtoto kujikojolea.

Nilikaa Granada, kusini mwa Hispania, mwaka mmoja wa masomo kwa ufadhili wa Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, na kila Alhamisi asubuhi, kuanzia Oktoba mpaka Juni, nilikuwa najitolea kwenye shule ya msingi ya serikali. Wadogo zangu wa chuo wanaojiandaa kwenda wananipigia simu kuuliza mambo yale yale. Basi nimeyaandika yote hapa. Ukienda mji mwingine wa Hispania mengi yatakuwa hivi hivi, ila lafudhi na chakula vitabadilika.

Anza na Polisi, tena ukiwa bado nyumbani

Hispania, yeyote anayekuwa na watoto mara kwa mara, alipwe au ajitolee, lazima awe na cheti kinachoonyesha kwamba hajawahi kuhukumiwa kwa makosa ya kingono. Sharti hilo limewekwa na sheria ya 2015, na hakuna mwalimu mkuu atakayekuonea huruma. Cheti kinaitwa Certificado de Delitos de Naturaleza Sexual. Kinatolewa na wizara yao ya sheria na ni bure kabisa. Ukiwa na saini ya kidijitali unakiomba mtandaoni; ukiwa huna, unachukua miadi na kwenda mwenyewe na pasipoti yako au kitambulisho cha mgeni. Miadi wanaiita cita previa. Neno hilo lijue kabla ya "buenos días," maana bila hilo hata mlango wa ofisi hufunguliwi.

Kilichoniangusha mimi ni cheti cha pili. Shirika lililonipokea lilitaka pia cheti cha Polisi cha Tanzania kwamba sina makosa ya jinai. Nilikuwa nimekipata, tena kwa kuchafua vidole vyote kumi kwa wino, lakini nakala halisi nilishaikabidhi pamoja na maombi ya viza. Nikamsumbua binamu yangu aliyeko Dar, wiki zikapita, na nafasi niliyoahidiwa Septemba nikaipata Oktoba. Kwa hiyo omba vyeti viwili halisi kwa wakati mmoja, vyote viwili vipitishe kwenye mihuri ya kuhalalisha hati, kimoja kiende na viza, kingine kilale kwenye begi lako. Tafsiri usiifanye wewe wala rafiki yako anayejua Kihispania. Inatakiwa ya mtafsiri aliyeapishwa, traductor jurado, na yeye analipwa kwa ukurasa.

Kupata shule

Usifanye nilivyofanya. Niliona shule nzuri karibu na nilipopanga, nikavaa shati la kola, nikaenda getini na wasifu wangu umechapwa. Getini kuna mtu anaitwa conserje, mwenye funguo zote na mwenye kuamua nani anaingia. Aliniacha nimalize sentensi yangu yote niliyoikariri usiku kucha, kisha akasema shule haipokei watu kutoka barabarani. Alisema kwa ukali kidogo. Nikarudi nyumbani nimenywea. Baadaye wenyeji wakanieleza kwamba watu wa Granada wana ukavu wao wa asili ambao hata wao wanajisifia. Mwenye duka atakurudishia chenji kama vile umemkanyaga kidole, na hana neno na wewe. Nao ukavu una jina lake, malafollá, ila usilitamke mbele ya watoto.

Na kwa kweli yule bwana alikuwa sahihi. Ungependa shule ya mwanao ipokee mtu yeyote mwenye shati la kola?

Njia ni kupitia taasisi. Chuo Kikuu cha Granada kina kituo chake cha ushirikiano, CICODE, ambacho kinashughulika pia na wanafunzi wanaojitolea; anzia hapo. Msalaba Mwekundu wao, Cruz Roja, na Cáritas ya Kanisa Katoliki wana vipindi vya jioni vya kuwasaidia watoto kazi za nyumbani, vinaitwa apoyo escolar, na huko Kihispania cha kuungaunga hakikufungii mlango. Kama ratiba yako ya chuo imejaa asubuhi, hiyo ya jioni ndiyo yako, kwa sababu shule za Andalucía, jimbo ilimo Granada, zinaanza saa tatu asubuhi na masomo yanaisha saa nane mchana. Wanaobaki baada ya hapo wanabaki kula.

Sheria yao ya kujitolea, namba 45 ya 2015, inalitaka shirika likukatie bima na litie saini makubaliano na wewe: siku gani, saa ngapi, kazi gani. Soma karatasi hiyo. Wapo pia mawakala wanaowauzia wageni "uzoefu wa kujitolea" kwa mamia ya euro. Wewe tayari una viza ya masomo, una chumba na una miguu. Usimlipe mtu ili ukamenye machungwa ya watoto bure.

Kuhusu umri, omba wa miaka mitano au sita. Wa miaka mitatu wanataka paja la kukalia na kitambaa cha kufutia kamasi, na wa miaka kumi watakucheka vitenzi mpaka ukose usingizi. Wa mitano na sita ndio wanaanza kusoma, na hapo Mswahili ana mtaji ambao Mjerumani na Mmarekani hawana.

Mtaji wenyewe

A, e, i, o, u. Basi. Irabu za Kihispania ni tano, na ni zile zile zetu. Mwanafunzi mwenzangu kutoka Marekani alipambana muhula mzima na "o" yake inayoishia na "u" ndani. Mimi wiki ya pili niliwekwa kona ya kusoma na watoto wanne na kitabu chenye silabi: ma, me, mi, mo, mu. Nilitaka kulia. Nilijiona nimerudi darasa la kwanza, mwalimu anagonga ubao kwa rula, sisi sitini na kitu tunaimba ba-be-bi-bo-bu mpaka nje wanasikia. Kazi ambayo niliiogopa kuliko zote nikagundua nimeshaifanya tangu nina miaka saba.

Vilivyobaki ni vichache. "Ñ" ni "ny" ya nyumba. "J" ni "kh" ya Khamisi, na Waandalusi wanailegeza mpaka inakuwa "h" tu. "H" yenyewe ni bubu. "Z" ni "th" ya thelathini, ingawa wengine wanaitamka "s." Jina langu ni Juma, niliandika hivyo kwenye kibandiko cha kifuani na asubuhi nzima nikaitwa Huma. Wiki iliyofuata nikaandika Yuma, mambo yakakaa sawa. Angalia na jina lako kabla ya kubandika.

Maneno tunayochangia yatakubeba zaidi ya unavyodhani, mengine kwa njia ya Waarabu, mengine kwa njia ya Wareno. Mesa ni meza. Bandera ni bendera. Azúcar ni sukari. Zapato ni kiatu, lakini bibi yangu hadi leo anaita kandambili zake sapatu. Hasta ni hata, ile ya zamani yenye maana ya "mpaka." Alhamisi moja nilikuwa nasoma na mvulana mmoja ambaye nyumbani kwao wanaongea Kiarabu cha Moroko. Alikuwa mzito kusoma, anaziogopa herufi kama mbwa mkali. Tukafika kwenye picha ya tunda dogo la kijani: a-cei-tu-na. Akakwama kwenye "cei." Nikamwambia, kwetu hii tunaita zaituni. Akainua kichwa. Akasema, polepole, kama ananipa siri, "Mi abuela dice zitun." Bibi yangu anasema zitun. Msichana wa pembeni yetu, mtoto wa Granada kabisa, akatutazama wote wawili akasema tumekosea, ni aceituna, na kwamba babu yake ana miti yake. Tukakaa pale, watu watatu na tunda moja. Yule mvulana akarudi kwenye kitabu akalisoma neno lote bila kusimama.

Mtego ni maneno yanayofanana kwa sauti tu. Pipi nimeshasema. Kaka, kwa Kihispania caca, ni kinyesi, kwa hiyo usijaribu kuwafundisha watoto wa miaka mitano kuitana kaka na dada. Nilijaribu. Dakika ishirini hakuna somo lililoendelea, na watatu wakalala sakafuni kwa kicheko. Baba ni udenda. Papa ni kiazi, au baba mzazi, inategemea mkazo umeuweka wapi. Pera si pera letu la mbegu nyingi, ni tunda jingine kabisa, na mtoto atakuona muongo.

Halafu lafudhi. Kihispania ulichofundishwa chuoni kina "s" nyingi; Granada wanazimeza nyingi. "Los niños" inasikika kama "lo niño," na wingi unaujua kwa vile irabu inavyofunguka. Usijilaumu mwezi wa kwanza. Waambie watoto "más despacio," polepole, nao watakuongelesha kama vile wewe ndiye mtoto. Wanapenda sana kumsahihisha mtu mzima. Kila nilipokosea el na la, kidole kilinyooshwa: "¡No, Yuma! ¡LA mano!" Mkono unaishia na "o" lakini ni wa kike. Mwacheni Mungu aitwe Mungu.

Ukiwa ndani ya darasa

Watoto wapo 25 na mwalimu ni mmoja. Wewe si mwalimu wa pili, wewe ni mkono wake wa pili. Fika dakika kumi kabla umuulize swali moja tu: "¿Con quién me siento hoy?" Leo nikae na nani? Atakuonyesha mtoto au meza, na hapo ndipo utakaposhinda. Usizunguke darasani ukitabasamu kama mgeni rasmi.

Kaa chini, kwenye kile kiti kidogo, magoti yakugonge kidevu. Usitegemee shikamoo wala mtoto kusimama ukiingia. Watakuita kwa jina lako na kukuambia "tú," na siku ukivaa sweta mbaya watakuambia ni mbaya. Mwalimu wa kike wanamwita "seño." Hata mimi, na ndevu zangu, niliitwa seño kila walipojisahau.

Asubuhi wanaanza kwa kukaa duara: tarehe, hali ya hewa, nani hayupo. Baadaye kazi za mezani, kisha mapumziko ya nusu saa uwanjani, kila mmoja na mkate wake wenye kitu ndani umeviringishwa kwenye foili. Uwanjani ndiko utakakojifunza lugha. "No me ajunta" utaisikia mara kumi kwa siku, tena kwa machozi: fulani hataki tena kuwa rafiki yangu. Ni kule kununiana kwetu, na kama kwetu, kunaisha kabla mkate haujaisha. Usiwe hakimu. Mimi niliwafundisha kombolela, tukatumia chupa ya plastiki badala ya kopo, na kufikia Desemba madarasa mengine wanaicheza bila kujua imetoka wapi.

Kuna mambo hayana mjadala. Usimpige mtoto picha, hata ya mgongo, hata kwa kuweka "status" tu ya kumwonyesha mama. Picha za watoto zinahitaji ruhusa ya maandishi ya wazazi, na hiyo ni shughuli ya shule, si yako. Usitoe chakula cha aina yoyote, maana kuna wenye mzio wa karanga na kashata zako zinaweza kumpeleka mtoto hospitali. Usiende na mtoto chooni peke yenu, mwite mwalimu. Na chawa wapo, msishangae. Karatasi ya piojos inatumwa nyumbani kila baada ya muda, na hakuna anayeona aibu.

Halafu hili la mkono. Mimi nimesomeshwa kwa fimbo, na ingawa sijawahi kumgusa mtoto wa mtu, sauti ya fimbo ilikuwa bado imo kooni mwangu. Siku mmoja alipomwagia rangi daftari la mwenzake kwa makusudi, nilitoa "WEWE!" ya kule kwetu Ngamiani. Darasa zima likaganda. Hawakujua neno lakini walielewa. Mwalimu hakunikaripia mbele yao. Wakati wa mapumziko alinivuta pembeni akaniambia: hapa tunashuka tukae sawa na macho yake, tunamuuliza kimetokea nini, tunasubiri. Hiyo "tunasubiri" ndiyo ngumu. Dakika mbili nzima unamtazama mtoto aliyenuna na huongezi neno. Nilichukua miezi kuiweza.

Kama wewe ni mweusi, Desemba watakufuata

Watoto wa Hispania zawadi zao kubwa wanaletewa na Mamajusi watatu, Melchor, Gaspar na Baltasar, usiku wa tarehe 5 Januari. Kabla ya likizo ya Desemba Mamajusi hao wanapita shuleni. Baltasar ni mweusi, na sehemu nyingi anakuwa Mhispania aliyepakwa masizi usoni, jambo ambalo kila mwaka linazua ugomvi. Kwa hiyo mwishoni mwa Novemba mwalimu mkuu aliniita ofisini, akazungukazunguka kama mtu anayetaka kukopa, mwishowe akasema: niwe Baltasar.

Una haki ya kukataa, na rafiki yangu wa Senegali alikataa shuleni kwao, bila maneno mengi, na hakuna aliyemlaumu. Mimi nilikubali kwa sharti moja: Baltasar ataongea Kihispania cha kawaida, hatacheza ngoma. Ukikubali, jua mistari yako. Unamuuliza kila mtoto kama amekuwa na adabu, "¿te has portado bien?", na unawakumbusha waache maji kwa ajili ya ngamia. Nilivua miwani ili nisitambulike, nikawa siyaoni hata majina kwenye barua. Kutoka mstari wa mbele nikasikia, "Huyu anafanana na Yuma." Mwingine akajibu, "Hapana, Yuma ana miwani." Yakaisha.

Kulikuwa na msichana wa darasa la pili ambaye baba yake ni Msenegali. Zamu yake ilipofika hakusema anataka zawadi gani. Alichukua mkono wangu, akaweka wake pembeni, akaangalia. Kisha akarudi kukaa.

Mbali na hilo, utaulizwa kama una simba. Jibu kwa utani mara moja, halafu waonyeshe kitu halisi. Mimi nilipeleka khanga moja, tukasoma jina lake herufi kwa herufi, na waliweza kulisoma lote bila kujua maana yake. Irabu tano zile.

Kuondoka

Waage mapema. Mwezi mmoja kabla, mwombe mwalimu aweke alama kwenye kalenda ya ukutani na watoto wahesabu Alhamisi zilizobaki. Mwanafunzi mmoja kabla yangu alikuwa ameacha kuja tu baada ya mitihani yake, na hadi Machi kuna mtoto aliyekuwa akiniuliza huyo dada ana hasira na nani.

Na cheti chako cha saa ulizojitolea, chenye saini na muhuri wa shirika, kidai mwanzoni mwa Juni. Shule zinafungwa tarehe ishirini na kitu mwezi huo, Julai ofisini utamkuta mtu mmoja anayesema njoo Septemba, na Agosti Granada kuna joto na watalii, hakuna mwenye muhuri.